Tupeane uzoefu: kuku na bustani ya nyuma ya nyumba kwenye joto la jangwani

Mwanzisha mada

Wafugaji wenzangu, salaam. Msimu wa joto uliopita nilipoteza kuku wanne siku moja. Asubuhi niliwaachia chakula kimejaa na ndoo nzima ya maji, nikafunga banda vizuri wasiingiliwe na wanyama. Niliporudi saa tisa alasiri nikawakuta wamelala kando ya ndoo, mbawa zimetandazwa na midomo wazi. Maji yalikuwa hayajapungua hata nusu. Nilipotia mkono ndipo nikaelewa. Ilikuwa ndoo nyeusi, imekaa juani tangu saa nne, na maji yamekuwa ya moto kiasi kwamba hata mimi nisingeyanywa.

Kuku hatoi jasho. Mwili wake siku zote uko kwenye nyuzi 41 hadi 42, na anaupoza kwa kuhema na kwa damu inayopita kwenye upanga wa kichwani na ndevu za chini ya mdomo wake. Hayo nimeyajua baada ya kuzika wanne.

Bustani nayo ilikauka mwezi uleule. Naomba aliyevuka siku za nyuzi 40 na zaidi akabaki na kuku na mboga, atueleze alivyofanya, na alipokosea pia asifiche.

Mama Vifaranga

Pole sana ndugu yangu. Banda lililofungwa ndilo lililonipiga na mimi. Nililijenga kama nyumba: kuta nne za mbao, mlango, kidirisha kimoja. Usiku lilikuwa zuri, mchana lilikuwa tanuri. Nikabomoa kuta tatu nikaweka waya wenye matundu madogo unaozuia nyoka na vicheche, nikaacha ukuta mmoja tu, ule wa magharibi, kwa sababu jua la alasiri ndilo linaloua. Paa nililipaka rangi nyeupe, kisha nikatandika makuti juu yake na kuacha nafasi ya upepo kati ya makuti na bati.

Maji nayaweka sehemu tatu, zote kivulini, kwenye vyombo vya udongo. Saa sita mchana nayamwaga na kuweka mengine. Bomba nalo mlichunge: mpira uliolala juani hutoa maji ya kuunguza kwa dakika kadhaa za mwanzo, na vifaranga hawajui kusubiri.

Kuna mahali chini ya mti ninapomwagia mchanga maji kila adhuhuri. Kuku wanachimba humo na kulala matumbo yao yakiwa kwenye unyevu. Hewa kavu ndiyo inayotusaidia hapo, kwa sababu maji yanakauka haraka na kuondoka na joto. Zikija zile wiki za unyevunyevu kabla ya mvua, acheni kunyunyiza. Hewa ikishashiba maji, kuku akihema hapoi.

Na ukimkuta aliyelegea, mzamishe hadi shingoni kwenye maji ya kawaida, kichwa kikiwa nje, mpaka atulie. Barafu usitie. Mimi nimeokoa wawili hivyo, wa tatu nilichelewa.

Mlishaji wa Alfajiri

Nyongeza kwenye chakula. Kukimeng'enya huzalisha joto mwilini, na joto hilo huendelea kwa saa kadhaa baada ya kula. Kuku aliyeshiba saa tano anabeba joto lake na la jua kwa pamoja. Mimi nawalisha alfajiri, saa tatu naondoa vyombo, narudisha jua likishalala. Maji hayaondolewi kamwe.

Mayai yangu yalikuwa na maganda laini kama karatasi. Nikaongeza chokaa, nikaongeza tena, hakuna kilichobadilika. Kumbe kuku anapohema sana hutoa hewa ya kaboni nyingi, damu yake inabadilika, na mwili unakosa malighafi ya kutengenezea ganda hata kama chokaa ipo mbele yake. Maganda yalikuwa magumu nilipoongeza kivuli.

Mzamisha Matuta

Mimi ni wa bustani zaidi, kuku nilifuata mbolea tu (sasa nawapenda kuliko mboga). Kosa langu la kwanza lilikuwa kuinua matuta kama nilivyofundishwa kule kwenye mvua nyingi. Jangwani tuta lililoinuka linakauka pande zote. Nikageuza: nachimba kitalu kikae chini ya usawa wa njia, kina cha kama kiganja kimoja. Maji yanabaki humo, upepo wa moto unapita juu, na miche inapata kivuli kidogo cha kingo.

Katikati ya kila kitalu nafukia mtungi wa udongo usiopakwa rangi, mdomo ukitokeza nje, nafunika na kigae. Najaza maji, yanapenya taratibu kwenye kuta zake, mizizi inaufuata. Ni njia ya kale sana, ya sehemu nyingi zenye ukame, na sijaona inayonipunguzia maji kuliko hiyo.

Nyanya zilinitesa miaka miwili. Zinachanua, maua yanadondoka. Mchana ukipita nyuzi 35 na usiku nao ukabaki na joto, maua hayashiki tunda hata ukimwagilia vipi. Sasa napanda joto linapoanza kushuka. Kipindi kikali naacha bamia, kunde na viazi vitamu vishike shamba, juu nimetandaza neti ya kivuli.

Matandazo ni lazima, ila kuku wataparua yote kwa nusu saa. Weka waya kuzunguka kitalu, au lalisha waya juu ya matandazo yenyewe.

Aliyeunguza Mchicha

Naomba hili lisomwe na kila anayeanza. Mbolea ya kuku mbichi niliimwaga moja kwa moja kwenye mchicha kwa furaha. Siku ya nne majani yakakauka kingo, wiki ya pili kitalu kizima kikafa. Ina naitrojeni kali, na ina chumvi pia. Penye mvua chumvi inasafishwa. Jangwani inabaki, na maji yetu mengi nayo yana chumvi yake. Juu ya udongo wangu kulikuwa na ukoko mweupe na mimi nikadhani ni vumbi.

Sasa nachanganya na majani makavu na maranda, nalowesha, nageuza, nasubiri miezi minne. Na badala ya kumwagilia kidogo kidogo kila siku, namwagilia kwa kina mara chache, chumvi ishuke chini ya mizizi.

Kivuli cha Mlonge

Mbegu ya kuku nayo ina maana. Fayoumi wa Misri na Leghorn, wepesi wenye upanga mkubwa, wanavumilia. Wa shingo uchi pia. Wale wazito wenye manyoya mengi wanateseka, nami nimeacha kuwafuga kwa kuwaonea huruma.

Pandeni mlonge upande wa magharibi wa banda. Kuku wanakula majani, nao unakua upesi.

Mama Vifaranga

Upesi, lakini joto la mwaka huu halitausubiri. Mwenzetu apande dodoki kwenye waya wa banda. Kwangu lilipanda hadi paani msimu uleule, na maji ya zamani ninayoyamwaga adhuhuri yanaishia kwenye shina lake. Mpaka livike, neti itatosha.

Mwanzisha mada

Asanteni kwa moyo wote. Leo nimetoa ukuta wa mashariki na wa kaskazini, ndoo nyeusi nimeigeuza ya kubebea mbolea. Dodoki nimeshachimbia. Nina swali: tetea wangu mmoja ameanza kuatamia. Nimwache?

Mama Vifaranga

Mwondoe. Kwenye joto hili atakaa juu ya mayai bila kunywa mpaka azimie. Na mayai mengine yaokote mara tatu kwa siku: yenye mbegu yakikaa kwenye joto linalozidi nyuzi 21 au zaidi kidogo huanza kujenga kifaranga hata bila kuatamiwa, na kiota cha mchana hapo kwako kimeshapita hapo mapema asubuhi. Akishapoa mpe eneo la peke yake lenye mchanga uliolowa, siku tatu nne, atarudi kwa wenzake. Vifaranga tutaviongelea joto likishuka, nitakupa na mayai ya Fayoumi wangu.