Tupeane uzoefu: virusi vilivyokataa kutoka kwenye kompyuta ya nyumbani

Wa Katindo (Goma)

Jambo kwenu wote. Nyumbani tuna mashini moja tu, laptopu ya zamani yenye Windows 10 ya Kifaransa, na tunaitumia watu saba. Ndani yake mna TFC ya mdogo wangu (kazi yake ya kumaliza chuo), hesabu za likelemba ya mama (mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu), na picha zote za marehemu baba, ambazo hatukuchapisha hata moja.

Mwezi uliopita mdogo wangu alirudi kutoka sekretaria, duka la kuchapisha hati, na flashi yake. Tangu siku hiyo kila flashi tunayochomeka, dosie zake (folda) zinageuka rakursi (njia za mkato), zile ikoni zenye mshale mdogo pembeni. Antivirusi inasema imefuta, naamini, nazima. Asubuhi vimerudi. Nimefuta mara 6. Fundi mmoja wa Birere ameniambia dawa ni kufomati. Naogopa picha za baba. Nani amepitia hili, na alifanyaje? Semeni yote, hata yale yaliyoshindikana.

Mama wa Katuba (Lubumbashi)

Mwanangu, usimpe bado. Mimi nilimpa. Mashini yetu ilikuwa na picha za harusi ya binti yangu na za wajukuu wakiwa wachanga. Fundi aliirudisha jioni ileile, inakimbia kama mpya, ndani tupu. Kuuliza picha ziko wapi, akaniambia, "Mama, ulisema nitoe virusi." Hakuniuliza kitu, nami sikujua kwamba kufomati ni kufuta. Mume wangu alinyamaza siku mbili. Tena haikufika wiki ya pili, kijana wangu akachomeka flashi yake ya zamani, rakursi zikarudi. Picha tulizipoteza, virusi tukabaki navyo.

Papa wa Sekretaria (Bukavu)

Pole sana, Mama. Wa Katindo, virusi hivyo navijua. Hapa Nyawera vinaniingilia kila siku na flashi za wateja. Kwanza utulie: havifuti dosie zako. Vinazificha tu, kisha vinaweka rakursi zenye majina yaleyale. Ukiibofya rakursi, inaamsha kifaili cha .vbs, yaani amri za virusi zilizoandikwa, halafu inakufungulia dosie yako halisi, ndiyo maana mtu hashuku kitu. Kifaili hicho kinaendeshwa na wscript.exe, ambayo ni programu ya Windows yenyewe.

Wengi wanakosea kwa kuanza na flashi. Unaisafisha, mashini yenye ugonjwa inaichafua tena kabla hujaichomoa. Anza na mashini. Chomoa flashi zote, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, meneja wa kazi itafunguka, tafuta wscript.exe uisimamishe. Palepale kuna sehemu ya "Démarrage", orodha ya programu zinazoamka pamoja na Windows. Ukiona jina usilolijua, tena faili lake limejificha ndani ya AppData (dosie iliyofichwa ambamo programu zinaweka vitu vyao), lizime na faili ulifute. Sasa chomeka flashi, fungua dirisha la amri (cmd), andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

E ni herufi ya flashi. Kwako inaweza kuwa F au G. Kwenye klavye za Kifaransa ule mkwaju wa kinyume unatoka kwa AltGr na 8, na nimeona watu wakikata tamaa kwa sababu ya alama hiyo moja tu. Dosie zikionekana, futa rakursi zote na ile .vbs.

Vikirudi tena, Defender, antivirusi ya Windows 10 yenyewe, ina uchunguzi unaoitwa "hors ligne". Mashini inajizima, inajiwasha, na inakaguliwa kabla Windows haijaamka. Ni kama dakika 15. Chaji betri kwanza, umeme usije ukakatika katikati.

Mwanafunzi wa Bagira (Bukavu)

Ya Papa inatosha kwa rakursi. Ya kwetu ilikuwa Sality, inayojulikana tangu 2003, nayo ni mbaya zaidi kwa sababu inaingia ndani ya programu zenyewe, faili za .exe na .scr. Inafunga meneja wa kazi, inazuia tovuti za antivirusi. Tulijaribu "Mode sans échec", ile Windows inayoamka na vitu vichache tu, tukapata skrini ya bluu. Hata mlango huo ilikuwa imeuvunja.

Kilichotuokoa ni kuwasha mashini kwa Ubuntu, mfumo mwingine badala ya Windows, iliyo kwenye flashi, bila kuisakinisha. Windows ikilala, virusi vyake navyo vimelala. Dosie zilizofichwa zote zilionekana. Tulinakili picha na hati kwenye diski ya nje, hatukugusa .exe wala .scr hata moja, ndipo tukafomati. Hiyo flashi ya Ubuntu iandaliwe kwenye mashini nzima, si hiyo yenye ugonjwa. Na usiipakue mwenyewe, itakula mega zako zote. Chuoni hukosi mwenye nayo.

Wa Katindo (Goma)

Yaya zangu, Papa, Mama, asanteni. Nilianza na Ubuntu ya rafiki, nikanakili kila kitu kabla ya kujaribu lolote. Kisha nikafuata njia ya Papa. wscript ilikuwa pale, inafanya kazi. Flashi zote za nyumbani ni 5, nimezipitisha moja moja. Mbili zilikuwa chafu, moja ni ya mama, ya likelemba. Leo ni siku ya tisa, rakursi hazijarudi. TFC inafunguka. Picha za baba sasa ziko kwenye diski ya nje pia, na diski hiyo inalala kwa shangazi, Himbi.

Mama wa Katuba (Lubumbashi)

Nimefurahi hadi machozi. Mtoto wa Bagira, nikuulize: kilichofomatiwa hakiwezi kurudi?

Mwanafunzi wa Bagira (Bukavu)

Mama, mara nyingine kinarudi. Kufomati kwa haraka hakupangusi diski yote; picha hubaki hadi kitu kipya kiandikwe juu yake. Kuna programu ya bure, PhotoRec, inazitafuta. Lakini Windows mpya imekwisha kuandikwa pale, kwa hiyo zitapatikana chache, au zisipatikane. Ikiwa diski ni SSD (ile mpya isiyozunguka), matumaini ni madogo sana. Ikiwa ni ile ya kuzunguka, acheni kuitumia kuanzia sasa, na zitakazopatikana zihifadhiwe kwenye diski nyingine.

Mama wa Katuba (Lubumbashi)

Ni ile ya zamani, inasikika ikizunguka. Nimeizima. Hapa naandika kwa simu.