Mjadala: Mishiri ya kuoka kwa supu ya mkebe ni urithi wa mapishi au ni tangazo la biashara?

Mwana wa Kisauni (Columbus, Ohio)

Ndugu zangu, Sikukuu ya Shukrani imekaribia, na jumuiya yetu imeanza kugawana vyakula vya kupeleka mezani. Vijana wetu waliozaliwa huku wameomba safari hii pawepo na mishiri ya kuoka, yaani maharage mabichi ya maganda, ile inayochanganywa na supu nzito ya uyoga na kufunikwa kwa vitunguu vilivyokaangwa kiwandani. Naomba tujadili kwa uwazi: je, vyakula hivi vya karamu za Wamarekani wa miaka ya 1950 vinastahili kuitwa urithi, au ni matangazo ya biashara yaliyozoeleka mpaka watu wakasahau yalikotoka? Mimi nashikilia hilo la pili. Mishiri hii haikutoka kwa bibi yeyote wa shambani. Ilitungwa mwaka 1955 katika jiko la majaribio la kampuni ya Campbell Soup, mjini Camden, New Jersey, ili mikebe ya supu ya uyoga inunuliwe. Na kwa maoni yangu, mtu aliyefungua mikebe mitatu hawezi kusimama mbele za watu akasema kwamba amepika.

Binti Pangani

Kaka, nimeisoma hoja yako yote, lakini ni sentensi ya mwisho iliyonichoma. Wali wa nazi ulioula kwenye maulidi yetu ya mwaka jana, ukausifia mbele ya wageni, ulipikwa kwa tui la kopo kutoka Thailand. Hakuna aliyekaa kwenye mbuzi, hakuna aliyekuna wala kukamua. Utuambie leo kama wali ule ulipikwa au haukupikwa, kwa sababu waliouandaa ni wanawake waliotoka kazini usiku na kuingia jikoni moja kwa moja.

Mwalimu Mstaafu

Naomba tuiangalie historia kabla hasira haijatangulia. Aliyeongoza kazi ya kutunga mapishi haya ni Bi Dorcas Reilly, aliyefariki mwaka 2018 akiwa na umri wa miaka 92. Yeye na wenzake waliombwa chakula ambacho mama wa nyumbani angekiandaa kwa vitu ambavyo tayari vilikuwa kabatini mwake: maharage mabichi, supu ya uyoga, maziwa, sosi ya soya kidogo, pilipili manga na vitunguu vya kukaanga. Supu yenyewe ilikuwa madukani tangu mwaka 1934. Kwa kuwa imepunguzwa maji, mpishi asipoyarudisha huwa tayari ni mchuzi mzito mweupe, ambao vinginevyo angelazimika kuupika kwa siagi, unga na maziwa huku akikoroga bila kuuacha mwiko. Kwa hiyo ni kweli kwamba kampuni ilitaka kuuza, lakini kutaka kuuza hakukutosha kukifanya chakula kipendwe. Makampuni yalichapisha maelfu ya mapishi kwenye vibandiko na magazetini, na mengi yamesahaulika. Aidha, si kila kitu kilishuka kutoka kiwandani: ule mchanganyiko wa maziwa mgando mazito na supu ya vitunguu ya pakiti, wa kuchovyea viazi vya kukaanga, ulianzia katikati ya miaka ya 1950 huko California, kwa mpishi ambaye jina lake halikuhifadhiwa, na ni baadaye tu kampuni ya Lipton ilipouchapisha kwenye pakiti zake.

Mwana wa Kisauni

Dada wa Pangani amenishambulia kwa tui, nami siwezi kulinyamazia. Nazi ni ya kwetu, na wali wa nazi ulikuwepo kabla ya mkebe wowote. Mkebe umetuondolea kazi ya kukuna tu, nao mchele, chumvi na moto vimebaki mikononi mwa mpishi. Supu ya uyoga ni chakula kilichokwisha kupikwa na watu wengine, kikatiwa chumvi na watu wengine, kisha kikamiminwa juu ya maharage. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na kuyaweka kapu moja ni kuukwepa mjadala.

Msomaji wa Minneapolis

Namuunga mkono mwanzisha mada. Wanawake wa Marekani walihadaiwa waziwazi. Kama nakumbuka vizuri, unga wa keki wa pakiti ulikuwa na mayai makavu ndani yake na haukununuliwa, mpaka mtaalamu wa saikolojia, Ernest Dichter, aliposhauri mayai hayo yaondolewe ili mama avunje yai lake mwenyewe na ajione kwamba amepika.

Mwalimu Mstaafu

Kisa hicho kinasimuliwa sana, ila tarehe zinakikataa. Kampuni ya P. Duff and Sons ya Pittsburgh ilipata hataza ya unga wa keki unaotiwa mayai mabichi mwaka 1935, na Dichter alihamia Marekani mwaka 1938. Tena keki ya mayai mabichi huumuka vizuri zaidi na ladha yake ni bora; mama aliyevunja yai alikuwa na sababu ya jikoni, na si haki kumfanya mjinga aliyechezewa akili.

Abu Zuhura

Kwa kuwa tumetaja karamu za miaka hiyo, naomba watakaoandaa meza wasilete zile saladi za jeli zenye karoti na kabichi ndani. Jeli nyingi za madukani hutengenezwa kwa ngozi ya nguruwe, na wapo miongoni mwetu wasiolijua hilo. Anayeipenda atafute ya samaki au ya ng'ombe aliyechinjwa kihalali, na aandike jina la chakula kando ya sahani.

Bi Mkubwa wa Dayton

Wanangu, mimi nawahudumia wazee wa Kimarekani nyumbani kwao, wengi wao wakiwa wamepita miaka 90. Mmoja wao alinifundisha mishiri hii akiwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, akinisimamia kama mwalimu wa chuo. Vitunguu hugawanywa mara mbili: sehemu moja huchanganywa na maharage, chombo kikakaa kwenye oveni ya nyuzi 350 za Fahrenheit kwa dakika 25, sehemu ya pili hunyunyizwa juu katika dakika 5 za mwisho, ili iwe ya rangi ya dhahabu na ivunjike mdomoni bila kulowa. Niliponyunyiza vyote kwa pamoja alinizuia mkono. Mama huyu alikuwa msichana mwaka 1943, wakati wa vita, vyakula vya makopo vilipogawiwa kwa kadi, na kwake kabati lililojaa makopo lilikuwa dalili ya amani. Mimi sioni haya kuuita urithi wake.

Mwana wa Kisauni

Kwa heshima zote, Bi Mkubwa, sikuwavunjia heshima wazee wala wanawake. Nimesema tu kwamba watoto wetu wajue tofauti kati ya chakula cha kupikwa na chakula cha kuunganishwa. Kama ni lazima mishiri iwepo, basi ipikwe kwa uyoga halisi, siagi, unga na maziwa, vitunguu vikatwe na kukaangwa hapo hapo, na mkebe usiingie jikoni.

Binti Pangani

Sasa tumefika mahali penyewe, kaka yangu. Tangu asubuhi unapima kazi ya jikoni ambayo hukuigusa, na mapendekezo yako yote yanaongeza saa kwa watu wale wale. Siku hiyo tunapika pilau ya watu wengi, kuku wa kupaka, mandazi na sambusa, na tanuri la ukumbi ni moja. Mchuzi mweupe ukiachwa hushika chini na kufanya madonge; lazima mtu ausimamie mwanzo hadi mwisho. Tuambie hapa, mbele ya kila mtu: atakayesimama kwenye sufuria hiyo tangu alfajiri ni wewe, au ni sisi? Jibu hilo kwanza, kisha turudi Camden.