Tupanue mtaro au tuchimbe bwawa? Masika yanatumaliza

bondeni_kwetu: Wakuu habari zenu. Niko Dar huku bondeni, masika yakianza tu sisi ni kupandisha magodoro juu ya kabati, juzi maji yamefika kwenye soketi. Mtaa tumechanga hela tupanue mtaro, ila kuna mzee kakomaa anasema tuchimbe bwawa pale kiwanja cha mpira, maji ya mvua yatulie humo kwanza. Si ndo kufuga mbu huko? Wajuzi nisaidieni

fundi_kalavati: Mzee yuko sahihi mkuu. Mtaro mpana unayakimbiza tu maji, yanamfikia jirani wa chini yote kwa mpigo, na kalavati la barabarani likibaki lilelile yanawarudia nyie wenyewe. Chukulia hekta 6 zinamwaga kwenu, mabati na zege tupu, asilimia 70 ya mvua inatiririka. Ikipiga milimita 60 kwa saa hiyo ni lita 700 kila sekunde. Kalavati tuseme linameza 300, zinazobaki 400 kwa nusu saa ni mita za ujazo 720, yaani shimo la mita 20 kwa 30, kina 1.2, kiwanja kinatosha na chenji inabaki. Bomba la kutolea liwe DOGO, watu watapiga kelele eti mbona maji hayaondoki, usiwasikilize. Mbu hawapati nafasi, sakafu ikiwa na mteremko linakauka ndani ya siku moja

mama_wawili: Mahesabu matamu 😅 kwetu tulichimba, mwaka wa kwanza raha, wa pili limejaa mchanga na pampasi, halafu mvua ikinyesha watu wanatapishia vyoo humohumo. Nani anazoa??

fundi_kalavati: Dada hapo umenena. Mwanzoni, maji yanapoingilia, mnachimba kishimo cha kudaka mchanga, hicho ndo mnazoa kila baada ya mvua kubwa, hela ya kuzoa mtenge leo kwenye huohuo mchango

mzee_wa_pugu: Mchanga msiudharau, mto Msimbazi unautoa huku kwetu vilimani unaumwaga Jangwani, unazolewa na unarudi. Na kabla ya yote chimbeni futi 4 saizi hii ya masika muone, mkikuta maji chini basi bwawa lenu limeshajaa kabla mvua haijanyesha

bondeni_kwetu: Duh. Kesho naenda na jembe, ila kiwanjani siwezi kugusa, fainali ya mbuzi ni jumapili