Paka mkubwa anahamia kwetu wiki ijayo, nianzie wapi?

Baba Binti
Wakuu, habari zenu. Rafiki yangu anahama, na huko aendako wanyama hawaruhusiwi, kwa hiyo paka wake anakuja kwetu Jumamosi ijayo. Ni jike, ana miaka minne, na tangu akiwa mdogo hajakaa nyumba nyingine. Mimi sijawahi kufuga chochote zaidi ya samaki wa kwenye tangi.

Tuko ghorofa ya tatu, vyumba viwili na sebule. Nimeshanunua mabakuli, kitanda cha manyoya na choo cha plastiki chenye mfuniko. Mpango wangu ni kuweka vyote kwenye kona moja ya jikoni ili azoee kuwa pale ndipo kwake. Binti yangu wa miaka saba ameshawaalika wenzake waje kumlaki. Mke wangu ni mjamzito, na shangazi yake ameshatoa hukumu kwamba paka na mjamzito hawakai nyumba moja. Kuna ukweli hapo? Na kama kuna jambo ambalo halijanipitia akilini kabisa, naomba mnishtue mapema.

Fundi Cherehani
Kaka, anza kwa kuahirisha hiyo sherehe ya mapokezi. Paka akihamishwa hajui kwamba amepata watu wazuri, anachojua ni kwamba amenyang'anywa nchi yake. Kule alikotoka kila mguu wa meza una harufu yake, maana paka husugua mashavu kwenye vitu mpaka nyumba nzima inanukia yeye. Kwako hakuna hata kona moja ya namna hiyo. Ukimfungulia kikapu katikati ya sebule iliyojaa watoto, atapenya nyuma ya jokofu na mtamwita mpaka mchoke.

Mtengee chumba kimoja kisicho na pilikapilika, mlango ufungwe. Humo weka chakula, maji, choo na maficho. Maficho yenyewe ni boksi tu, ulilaze ubavu, mdomo uelekee ukutani na uache nafasi ya kupita. Kile kitanda cha manyoya akikipuuza usinune. Mwombe rafiki yako blanketi analolalia paka, tena asilifue. Mwombe pia mchanga uleule wa choo na chakula kilekile. Ukitaka kubadilisha chakula, utabadilisha baadaye, kidogokidogo.

Siku za mwanzo kazi yako ni kuingia, kukaa sakafuni na kusoma vitu vyako bila kumkodolea macho. Mkitazamana, fumba na kufumbua macho polepole. Kwa paka hiyo ni salamu ya amani. Usimvute mafichoni hata kama binti analia kwa hamu. Akianza kukupokea mlangoni mkia ukiwa juu, mwachie mlango wazi atembelee vyumba vingine kwa hiari yake. Wengine huchukua siku mbili tatu, wengine wiki kadhaa.

Choo nacho kitoe mfuniko kwanza. Mfuniko hufungia harufu ndani, na paka mgeni anataka kuona nani anakuja wakati yuko kwenye shughuli. Kiwe na urefu wa mara moja na nusu ya mwili wake, mchanga usio na manukato, kina cha sentimita 5 hivi. Na kisikae karibu na chakula! Wewe ungekula hapo? Akishaizoea nyumba nzima, ongeza choo cha pili mahali pengine. Hesabu ya wafugaji ni choo kimoja kwa kila paka, halafu kimoja cha ziada.

Sasa lile ambalo nadhani halijakupitia akilini: uzi. Mimi hushonea nyumbani na nina paka wawili, kwa hiyo hili nalijua vizuri. Ulimi wa paka una vimiba vinavyoelekea kooni. Uzi ukishanasa pale hawezi kuutema, kila akijaribu kuuondoa ndivyo unavyozidi kuingia. Ncha moja hukwama chini ya ulimi au tumboni, ncha nyingine inavutwa na utumbo, na utumbo unajikusanya kama kiuno cha sketi kilichotiwa lastiki. Uzi ukikaza unaweza kuukata. Ukiona kipande kinaning'inia mdomoni au nyuma, usikivute, mpeleke kwa daktari wa mifugo kilivyo. Kwangu nyuzi, sindano na riboni hulala kwenye bati la biskuti lenye mfuniko mgumu, na nikimaliza kazi napitisha sumaku sakafuni kuokota pini. Kwenu anza na vibanio na lastiki za nywele za binti. Paka hawana akili kabisa wakiviona hivyo.

Mzee wa Roshani
Hizo mbwembwe za chumba maalumu mimi sizijui. Wangu nilimfungulia nyumba nzima siku aliyoingia, na jioni alikuwa juu ya kochi anajilamba.

Fundi Cherehani
Mzee wangu, wa namna hiyo wapo, shukuru. Ila ukianza na chumba kimoja ukakuta ni jasiri, kesho yake unafungua mlango. Ukianza na nyumba nzima akaingiwa na hofu, utamtoaje nyuma ya kabati?

Msaidizi wa Kliniki
Nafanya kazi kwenye kliniki ya wanyama, niongezee machache.

Shangazi hajakosea moja kwa moja. Kuna kimelea kinachoitwa toksoplazma, paka aliyeambukizwa hutoa mayai yake kwenye kinyesi, na kimelea hicho kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Lakini mayai hayo hayaambukizi papo hapo, huhitaji siku 1 hadi 5 ndipo yakomae. Kwa hiyo kinyesi kitolewe kila siku, na kazi hiyo ni yako, ndugu yangu, si ya mama. Paka naye asipewe nyama mbichi. Huyo mama ana hatari kubwa zaidi kwenye nyama isiyoiva vizuri, mboga zisizooshwa na udongo wa bustani kuliko kwa paka wa ndani. Amweleze tu daktari wa kliniki yake.

Dawa zenu zifungiwe. Kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua paka, ini lake haliwezi kuivunja. Dawa ya viroboto ya mbwa, hasa yenye permethrini, usimpake hata tone. Na mkiletewa maua ya mayungiyungi, yale yenye umbo la tarumbeta na chavua inayochafua nguo, yasiingie ndani. Akilamba chavua iliyomwangukia manyoyani, au akinywa maji ya chombo cha maua, figo zinaweza kufa.

La mwisho, kujificha siku ya kwanza ni kawaida, lakini akipitisha saa 24 bila kula chochote, piga simu kliniki. Paka asiyekula, hasa mnene, mafuta hujaa kwenye ini na hali hubadilika haraka. Chukua na kadi yake ya chanjo kwa huyo rafiki kabla hajaondoka.

Baba Binti
Nashukuruni sana. Wageni wa binti nimewaahirisha, amenuna. Chumba nitatumia kile cha kompyuta. Swali moja limebaki: madirisha yana wavu wa mbu tu. Inatosha? Naambiwa paka hata akianguka hutua kwa miguu.

Mzee wa Roshani
Hili sasa ni langu. Haitoshi. Anaweza kutua kwa miguu na bado akavunjika taya na kuumia kifua. Wavu wa mbu anaupasua kwa kucha, au anauegemea ukiwa umeshikiliwa na gundi, wote wawili wanashuka. Weka wavu wa chuma wenye fremu, uufunge kwa skrubu, kisha usukume kwa kiganja kwa nguvu zako. Ukicheza hata kidogo, ongeza skrubu. Anza na dirisha la hicho chumba cha kompyuta, na ufanye kabla ya Jumamosi.