Mtoto wangu katafunwa, jirani kaenda kumpa pole MBWA

MamaForest
Wakuu, leo sisalimii mtu. Nimerudi hospitali sasa hivi, mtoto kalala, mimi usingizi umegoma kwa hasira.

Wa huku Forest, Mbeya, mnamjua ninayemsema. Mwenye ukuta wa vigae vya chupa juu, geti jeusi, limeandikwa MBWA MKALI kwa rangi nyekundu, herufi ambazo hata aliyeko juu ya mlima Loleza anazisoma bila miwani. Huyo huyo. Jina sitaji, la nini, nusu ya mtaa imeshakimbizwa na mbwa wake na nusu iliyobaki inasubiri zamu.

Magharibi nimemtuma mwanangu wa darasa la kwanza mafuta ya kupikia, duka la hapo kwenye kona. Geti la bwana mkubwa liko wazi kabisa. Likatoka lile Jemani lake, German Shepherd, jibwa kama ndama, likamrukia mtoto, likamkamata mkono na kumburuta mpaka mtaroni. Namshukuru Mungu kwa baridi ya mwezi wa saba. Mtoto alivaa sweta mbili na koti la kaka yake. Ingekuwa Dar na fulana yake, leo tungekuwa tunautafuta mkono mtaroni kwa tochi. Na bado meno yamepenya nguo zote hizo, matundu mawili.

Tumetoka na mifagio, mimi na mwiko wa ugali, tukalitimua. Ndipo naye akatoka, ndala miguuni, simu mkononi. Mtoto yuko chini analia, damu, mafuta yamemwagika. Jamaa kampita. KAMPITA! Kaenda kwa mbwa, kachuchumaa, kamshika kichwa kwa mikono miwili, akamwambia: "Pole baba. Pole. Wamekushtua?"

Nasema alimpa pole mbwa! Mwanangu analia, mbwa anapewa pole!

Alipomaliza kumbembeleza ndiyo akanigeukia: "Mama, mfundishe mtoto asikimbie mbele ya mbwa. Huyu si koko, ana damu ya Ujerumani." Nikamwambia sitaki damu ya Ujerumani, nataka cheti cha chanjo. Kaingia ndani, karudi na karatasi ya ukoo! Baba yake mbwa, babu yake mbwa, wamepangwa mstari. Babu wa mbwa anamjua, mara ya mwisho mbwa kuchanjwa haijui!

Hospitali wamekisafisha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni robo saa nzima, mtoto analia mpaka sauti imekauka. Kisha sindano, na tarehe za kurudi kuchomwa nyingine. Nesi kaniambia kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kuonekana hakuna dawa, ni kuzika tu. Kuzika! Na mwenye mbwa yuko kwake anampulizia chai mbwa wake anywe.

Umeandika mwenyewe ukutani MBWA MKALI. Hukuandikiwa na serikali ya mtaa. Maana yake unajua ni mkali. Sasa geti wazi la nini?

Na pole kampa mbwa.

NimekaaPale
Nimevuta kigoda, chai ya tangawizi ipo. Ngoja waje wafuga mbwa.

KiaziMviringo
Pole mama. Ila mtoto wa darasa la kwanza kumtuma dukani magharibi, hapo na wewe jiangalie.

MamaForest
@KiaziMviringo kumbe uko upande wa mbwa. Nenda kampe pole na wewe, geti liko wazi.

KiaziMviringo
Duh. Nimejitoa.

MzeeWaIlemi
Huyo jamaa namfahamu, mwaka juzi mbwa wake alimla bata wangu mzinga. Nilipokwenda kudai akaniambia bata ndiye aliyeanza. Bata!

SuraMbili
Suluhisho jepesi. Kipande cha nyama, weka ile dawa ya panya, tupa ukutani usiku. Kesho kimya.

DaktariWaNgombe
@SuraMbili acha kabisa ujinga huo. Kwanza ni kosa. Pili, mbwa akishang'ata mtu hauawi ovyo, anafungiwa na kuangaliwa siku 10. Akiwa na kichaa alipong'ata, ndani ya siku hizo ataugua na kufa, hapo mnajua mtoto yuko kwenye hatari gani. Ukimuua ukamtupa unabaki kubahatisha. Mama, kesho asubuhi nenda kwa afisa mifugo wa kata, mbwa awekwe chini ya uangalizi. Na zile tarehe za sindano usiruke hata moja, hata ukimwona mbwa anacheza na kula vizuri, mpaka daktari mwenyewe akwambie basi.

Halafu tusidanganyane habari ya damu. Koko anang'ata, Jemani anang'ata. Tofauti ni uzito na taya. Dume la Jemani ni kilo 30 mpaka 40, mtoto wa darasa la kwanza ana kama 20. Piga hesabu. Kinachomharibu mbwa ni malezi. Wiki zake za kwanza, tuseme kuanzia ya tatu mpaka kama ya kumi na nne, ndipo anapojifunza kwamba watoto wapo duniani, wanakimbia, wanapiga kelele. Wenzetu wananunua mbwa mdogo, anafungwa mnyororo bandani mchana kutwa, haoni mtu, halafu siku anakutana na mtoto getini mnashangaa.

Chanjo ya kichaa anaanza akiwa na miezi mitatu, kisha anarudiwa kila mwaka. Hata koko wa bibi kijijini anachanjwa, sembuse mwenye karatasi ya ukoo.

BibiAlisema
Kwetu Rungwe mtu aking'atwa tulikuwa tunaweka majivu na chumvi, anapona.

DaktariWaNgombe
Aliyepona aling'atwa na mbwa mzima. Wengine hawako hapa kukusimulia. Maji na sabuni, dakika 15, kisha hospitali. Majivu pikia makande.

MnyaluWaUghaibuni
Huku Uingereza huyo jamaa angeshafika mahakamani. Wana sheria ya mbwa hatari tangu 1991, imepiga marufuku Pit Bull Terrier, Japanese Tosa, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Juzi wakaongeza XL Bully, kuanzia 1 Februari 2024 kumiliki bila cheti maalumu cha msamaha ni kosa. Na mbwa wa aina yoyote ile akionekana hatari hadharani, mwenyewe anajibu.

NimekaaPale
Mkuu, tuko Forest, mtoto kang'atwa, wewe umetuletea bunge la Uingereza. Jemani yumo kwenye orodha hiyo?

MnyaluWaUghaibuni
Hayumo.

NimekaaPale
Asante kwa kuja.

MamaForest
Orodha sijali. Nimekwenda kwa mjumbe, kaniambia "mkae mzungumze kijirani." Kijirani! Jirani gani anampita mtoto anayevuja damu akampe pole mbwa? Alimwita BABA. Mwanangu hata "we mtoto" hakuambiwa.

TukuyuMvua
Huyo mbwa ajaribu kuhamia Iringa, hamalizi wiki. Wenyewe wanamsubiri na kachumbari.

MhehePori
Ilikuwa lazima? Mtoto wa watu kaumia, uzi wa huzuni, bado mmetafuta njia ya kutuingiza. Mbwa kwetu ni wa kulinda boma na kuwinda. Mimi nina wawili, wamechanjwa, vyeti ninavyo, na mtoto akipita wanalala. Mlete ushahidi siku moja.

TukuyuMvua
Wamelala kwenye sufuria?

MhehePori
Mods mtoeni huyu.

KiaziMviringo
Nimerudi. Mbwa afadhali. Mimi hapa Nzovwe jirani ana jogoo, saa nane usiku anaanza. Saa nane!

DadaWaIsanga
Jogoo ana nafuu, anachinjwa. Mimi nina jirani wa mkesha. Spika mbili zimeelekezwa dirishani kwangu, pepo wanatolewa mpaka alfajiri na kesho yake wamerudi walewale.

MzeeWaIlemi
Wangu anafuga nguruwe nyuma ya jiko langu. Mvua ikinyesha hamtamani hata kuvuta pumzi.

SuraMbili
@MzeeWaIlemi anauza?

MzeeWaIlemi
Anauza nini?

SuraMbili
Nguruwe. Nina kipaimara mwisho wa mwezi.

MamaForest
Jamani, mwanangu kaamka sasa hivi kwenye ndoto analia. Kesho naenda kwa afisa mifugo, naanzia hapo, halafu polisi kuchukua PF3, ile fomu ya matibabu ya aliyejeruhiwa. Wa mtaa wetu mliokimbizwa naye njooni mtoe maelezo, msiishie kucheka humu. Alimpa pole mbwa, mliona wenyewe.

DadaWaIsanga
Nitakuja mama, mdogo wangu alipasuliwa sketi na huyo huyo. Saa mbili niko hapo.

KiaziMviringo
Pole tena. Mtoto apone haraka.

SuraMbili
@MzeeWaIlemi nimekutumia PM. Ni wa kilo ngapi?

TukuyuMvua
Na mimi nahitaji nusu, tugawane.

MzeeWaIlemi
Nimeongea naye ukutani. Wapo wanne. Anasema asubuhi atawashusha Kabwe kwa bajaji, mje na kamba zenu.