Re: Majina hayafanani, kijana anaenda Ujerumani Oktoba

Mama Glory, Moshi
Shikamooni wakubwa, na wengine habari za huko. Kijana wa dada yangu amepata chuo Dresden, anaanza Oktoba. Leo ofisi moja imemrudishia makaratasi. Cheti cha kuzaliwa na pasipoti vinasema Elibariki Aikaeli Mushi. Vyeti vya NECTA (Baraza la Mitihani), cha kidato cha nne na cha sita, vinasema Elibariki J. Mushi. Wamemwambia tu "karekebishe majina", basi. Kiapo cha wakili kinatosha, au mpaka hati ya kubadili jina? Na kikiwa kiapo, ni kimoja kwa vyeti vyote viwili au kila cheti na chake?

Baba Kelvin, Stuttgart
Marahaba Mama Glory. Jina litapata dawa yake, uliza kwanza habari ya Sperrkonto (akaunti ya viza, pesa inafungiwa humo na kutolewa kidogo kidogo kila mwezi), maana huko ndiko watu wanakokwama. Ni euro 11,208, na lazima zifike zote. Mkituma kwa TT (benki kwa benki), benki za katikati zinamega njiani. Mwambieni karani aandike OUR, yaani makato yote juu ya mtumaji, msikubali SHA, ya kugawana makato. Hata hivyo ongezeni euro 50, zikizidi zitarudishwa. Zikipungua hata euro 15, uthibitisho hautolewi na miadi ya viza inapita hivi hivi. Ile namba ya kumbukumbu waliyompa iandikwe kama ilivyo, la sivyo pesa inakaa haina mwenyewe. Benki ya hapo Moshi itataka barua ya chuo, pasipoti na barua ya kufungua akaunti. Halafu kuna ada, 1,500 kila muhula.

Anna M., Leipzig
Baba Kelvin, kwa heshima zote, mama kauliza jina. Na hiyo 11,208 ni ya zamani! Tangu Septemba 2024 ni 11,904, ndiyo 992 kwa mwezi. Akituma kwa hesabu yako atarudishwa. Ada ya 1,500 nayo ni ya huko kwenu Baden-Württemberg, Dresden iko Saxony.

Msilolisema ni hili: hizo 992 hazitoki mpaka afike, ajiandikishe makazi (Anmeldung, wiki mbili tangu ahamie) na afungue akaunti ya kawaida ya benki. Wakati huo mwenye nyumba anataka dhamana, na sheria inamruhusu kudai mpaka kodi ya miezi mitatu. Kwa hiyo awe na pesa ya pembeni, nje ya Sperrkonto. Bila Anmeldung hata kadi ya ukaazi haianzi kushughulikiwa, na kuna wenye nyumba wanaokataa kusaini ile fomu ya kuthibitisha kuwa mpangaji anakaa kwao. Aulize kabla ya kulipa chumba.

Mzee Lema, Arusha
Turudi kwenye jina. Kiapo hakibadili kitu, kinasema tu huyu na yule ni mtu mmoja. Hati ya kubadili jina ni kuacha kabisa jina la zamani, na inasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kwa vile pasipoti na cheti cha kuzaliwa vinakubaliana, msiviguse. Ukibadili jina leo, vyeti vya NECTA vinabaki na "J." yake vile vile, umejiongezea jina la tatu.

Kiapo kiandikwe kwa Kiingereza, cha Kiswahili kitadai mtafsiri. Kila jina linakiliwa herufi kwa herufi kama lilivyochapwa, nukta ya "J." ikiwemo, pamoja na namba ya mtihani na namba ya pasipoti. Wakili akiandika "Joseph" kwa kirefu wakati cheti kina "J." tu, amekiua.

Anna M., Leipzig
Mzee wangu, shikamoo. Ila kuna maofisa hawapokei kiapo mpaka kiwe na barua ya shule. Si wote.

Mzee Lema, Arusha
Marahaba. "Si wote" hainisaidii, Anna. Sema ni dirisha gani. Na shida yenyewe tunaitengeneza wenyewe Kilimanjaro: mtoto ana jina la ubatizo, la babu na la ukoo, halafu mwalimu anayejaza fomu za mtihani anachagua analolipenda. Kisha kwa nukta moja ya "J." umpandishe kijana basi zaidi ya kilomita 500 mpaka Dar. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo hapa, Mahakama ya Afrika ipo hapa, dirisha la viza hakuna!

Baba Kelvin, Stuttgart
Mzee, hilo la dirisha tuachie wabunge. Asante kwa sahihisho la 11,904. Akija asibebe nyama ya kukausha wala siagi ya nyumbani, forodha wanatupa: nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya ni marufuku. Ndizi hazina shida, ni kati ya matunda machache yasiyodaiwa cheti cha afya ya mimea. Mshare mbichi, zile ndizi za kupikia mtori, jamani, huku haupatikani.

Anna M., Leipzig
Unaagiza mzigo kwa mtoto wa watu! Akibeba, iwe mbichi kabisa, imekatwa vichane na kufungwa gazeti. Mfuko wa plastiki unaivundika njiani.