Tupeane uzoefu: tamthilia za upelelezi, uigizaji unaotushika na visa visivyoingia akilini

Mleta mada

Ndugu zangu, hivi karibuni nilianza kuitazama upya Luther, tamthilia ya BBC iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2010, na tangu hapo mimi na dada yangu tunabishana karibu kila usiku. Yeye anasema visa vyake haviwezekani. Mimi nasema sijaona mtu akiigiza uchovu wa nafsi kama Idris Elba, ambaye kwa kazi hiyo alipata tuzo ya Golden Globe mwaka 2012. Kinachonisumbua ni kwamba kila nikimsikiliza naona anasema kweli, na bado siwezi kuiacha.

Chukueni sehemu ya kwanza. Alice Morgan, mwanasayansi anayeigizwa na Ruth Wilson, amewaua wazazi wake, na mpelelezi Luther, anayeigizwa na Elba, anamtambua kwa sababu yeye alipopiga miayo, Alice hakuambukizwa. Watu wengi wasio na hatia yoyote hawaambukizwi miayo, wala hakuna mahakama ambayo ingelipokea jambo hilo kama ushahidi. Silaha nayo ilifichwa ndani ya mzoga wa mbwa uliochomwa moto. Nilipaswa kuzima runinga palepale. Sikuzima, kwa sababu Wilson alikuwa akimtazama yule mpelelezi kama mtu ambaye kwa miaka mingi hakuwa na wa kuzungumza naye na sasa amempata, na Elba alionyesha kwa kutulia tu kwamba ameliona hilo na limemwogopesha. Naomba kila mmoja aeleze: ni wapi uigizaji ulikufanya usamehe kisa, na ni wapi ulishindwa?

Mchangiaji wa kwanza

Nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka mingi, kwa hiyo huwa natazama vielelezo kabla ya kutazama nyuso. Katika kesi halisi, kila mkono uliogusa kielelezo lazima ujulikane, na wakili wa utetezi akipata pengo moja katika orodha hiyo, kazi ya miezi mingi inaweza kuporomoka. Luther huingia katika nyumba za watu bila kibali, huchukua anachotaka, na hakuna anayemuuliza. Hilo nimelizoea.

Nisilolizoea ni mwisho wa msimu wa kwanza. Rafiki yake Ian Reed, askari mwenzake, anamuua Zoe, mke wa Luther. Luther anasakwa kana kwamba ndiye muuaji. Na hatimaye Alice anampiga Reed risasi mbele yake. Katika msimu wa pili, mwaka 2011, Luther yumo kazini tena. Niliwahi kuona askari akiondolewa katika upelelezi kwa sababu tu alifahamiana na jamaa wa mshukiwa. Hapo nilizima kweli, na ilinichukua muda mrefu kurudi. Kilichonirudisha ni kumbukumbu ya Luther akiwa kando ya mwili wa Zoe, kwa kuwa niliwahi kuwaona watu wakiwa katika hali hiyo na sikuona uongo wowote katika uso wake.

Mchangiaji wa pili

Kwangu mimi jambo hili lina uchungu. Mdogo wangu aliuawa, na upelelezi ulikwenda polepole mno. Tulielezwa kwamba kupima vinasaba kwenyewe hakuhitaji siku nyingi, ila sampuli hukaa kwenye foleni kwa majuma, na kwamba daktari anayechunguza maiti hukadiria muda wa kifo kwa saa kadhaa, hawezi kuutaja kwa dakika kama tunavyoonyeshwa. Mama aliniuliza usiku mmoja kwa nini wale wa kwenye runinga wamepata jibu ndani ya saa moja. Sikuwa na la kumwambia, na kwa muda mrefu nilizichukia tamthilia hizi zote.

Baadaye tuliona pamoja kifo cha Justin Ripley, msaidizi wa Luther, katika msimu wa tatu. Kisa chenyewe kilikuwa cha ajabu kama vingine. Lakini Mama alimtazama Luther pale, akanishika mkono, akasema, “Huyu anajua.” Hakuuliza tena habari ya saa moja.

Mchangiaji wa tatu

Nimeigiza jukwaani, na nataka kumpinga mleta mada kidogo. Mwigizaji hawezi kuokoa kila kitu. Anachohitaji ni kujua mhusika wake anataka nini. Njia ya kulipata inaweza kuwa ya miujiza, na mzoga wa mbwa ukapita, maadamu haja ya Alice ya kutambuliwa na mtu mwenye akili kama yake ni ya kweli. Haja ikiwa ya uongo, hata mwigizaji hodari hubaki akipaza sauti tu.

Mleta mada

Nimemsomea dada yangu michango yote. Amekubali habari ya mbwa kwa shingo upande, lakini kuhusu Luther kurudi kazini anasimama na karani, akisema kwamba mtu aliyempoteza Zoe kwa mkono wa askari mwenzake asingeweza kuketi tena katika ofisi ya askari siku ya kwanza bila mikono kumtetemeka. Leo usiku tunaanza msimu wa pili, na nimemwahidi kwamba nitaitazama mikono.